Deni la Gari Lililolala

Bi Namukose wa kaunta ya tatu
aliandika namba ya gari langu polepole,
herufi tatu za zamani, tarakimu tatu,
akaisubiri kompyuta ifikiri.
Kisha akageuza kioo kinielekee
kama daktari anayemwonyesha mtu picha ya mfupa wake.

Miaka tisa ya ada ya barabara.
Faini juu ya ada.
Na riba juu ya faini, imejilaza
kama paka juu ya godoro la mgeni.

Nikamwambia: Dada, gari hili halijatembea.
Limekaa Walukuba juu ya mawe manne,
mpapai umeota penye kiti cha dereva,
kuku wametotoa ndani ya buti
vizazi nisivyoweza kuvihesabu.
Ni barabara gani limeikanyaga?

Akasema: Ada yenyewe ilifutwa zamani.
Deni halikufutwa.
Na daftari haliulizi kama limetembea.
Linauliza kama lipo.

Lipo.
Hilo siwezi kulikana.
Peugeot 404, rangi ya maziwa yaliyoonjeshwa chai.
Nililinunua kwa bei ya mbuzi wawili na baiskeli,
na tangu hapo mshahara wangu wa Kakira
unapita kwangu kusalimia tu.
Isabirye amechomelea sakafu.
Kabureta nimeisugua kwa mswaki wangu mwenyewe.
Mke wangu huuliza, taa mkononi, mlangoni:
leo unalala kwangu au kwa Mfaransa?

Kadi ina jina la Yokosofati Wandera,
na Yokosofati Wandera ni marehemu.
Leta mjane, akasema Bi Namukose. Au sahihi yake.

Nilimkuta Bugembe, anapepeta njugu.
Niliposema 404, ungo ulisimama hewani.
Aliingia ndani, akatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia,
na ndani ya mkebe, stakabadhi,
zimefungwa kwa uzi wa kiwanda cha nguo,
mwaka baada ya mwaka, muhuri baada ya muhuri.

Injini ilikufa themanini na sita, akasema.
Lakini kila Januari mume wangu alivaa koti,
akapanda baiskeli mpaka ofisini
kulipia barabara ya gari lisilo na magurudumu.
Watoto hawana viatu, yeye analipia barabara!
Nikamwita mjinga.
Akanijibu: Perusi, kisicholipiwa hakihesabiwi.

Stakabadhi ya mwisho: Januari, tisini na nane.
Machi wakamzika.

Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo,
nisije nikamkosea adabu.
Tisini na tisa, elfu mbili, elfu mbili na moja…
Tisa.
Deni langu lilianza pale pumzi yake ilipokatika.
Serikali haikujua,
lakini iliuandika ujane wa Bi Perusi
kwa shilingi, na faini juu yake.

Akachovya kidole gumba, akakibana kwenye karatasi.
Akafungua fundo la kanga, noti ya elfu tano:
Haitoshi, najua.
Itie kwenye ule mwaka wa kwanza.

Nililipa kwa awamu sita.
Noti ile ilinuka njugu; Bi Namukose
aliinusa, akanitazama, akaipokea,
akagonga muhuri mara mbili
ingawa mara moja ingetosha.

Jana nimemaliza.
Nimebandika stakabadhi kwenye kioo cha mbele,
na kioo chenyewe kimeegemea ukuta,
mpira wake haujafika kutoka Kampala.
Jioni watoto wa Isabirye wakalisukuma gari
kutoka nyuma ya nyumba mpaka ukingo wa lami,
wakipiga honi kwa midomo.
Hatua ishirini.
Mimi usukani, kuku wawili nyuma, hawakutaka kushuka.

Miaka tisa tumelipia,
hatua ishirini tumetumia.
Sasa anayedaiwa ni barabara,
nasi tutakwenda kumdai
gia ya pili ikipatikana.